Namna ya Kuandaa Chanjo ya HPV Shuleni na Mtaani Ili Wasichana Wasikose

Kumchoma msichana sindano ya chanjo ya HPV ni jambo la chini ya dakika moja. Kinachoamua kama atafika mbele ya muuguzi siku hiyo ni kazi inayofanyika wiki kadhaa kabla, tena kwa kalamu na karatasi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoibeba kazi hiyo Tanzania Bara: mwalimu wa afya wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati anayetoka kwa huduma ya mkoba, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, pamoja na mjumbe wa kamati ya shule ambaye majirani humuuliza maswali akiwa dukani. Katika mijadala mingi lawama hutupiwa wazazi "wagumu". Naona lawama hiyo imezidi. Wapo wanaokataa, lakini wapo pia wasichana ambao majina yao hayakuwa popote, na wazazi walioletewa taarifa jioni ya kuamkia siku ya chanjo, wakalala na maswali yasiyo na wa kuyajibu, na asubuhi wakaona salama ni kumbakiza mtoto nyumbani.

Maelezo ya msingi ni machache na kila mhusika ayajue kwa moyo. HPV ni kundi la virusi vinavyoambukizwa zaidi kwa njia ya kujamiiana; watu wengi huvipata wakati fulani wa maisha, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikikaa muda mrefu, baadhi ya aina zake husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo duniani. Tanzania inakadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka na vifo zaidi ya 6,000. Chanjo huzuia maambukizi, haitibu yaliyokwisha kuingia, na kwa sababu hiyo hutolewa mapema. Nchini ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenezwa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili, kisha Aprili 2024 utaratibu ukabadilika kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa kampeni iliyolenga zaidi ya wasichana milioni 4.

Orodha kabla ya sindano

Kampeni ya mwaka 2024 ilikusanya rika sita kwa mpigo. Baada ya kampeni ya namna hiyo, wanaobaki ni wale wanaotimiza miaka 9 kila mwaka na wale waliokosa mara ya kwanza, na hapo ndipo kazi huwa ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna tena gari la matangazo wala mgeni rasmi. Mwalimu anatakiwa kuwatafuta watoto wachache waliotawanyika katika madarasa kadhaa.

Usitegemee darasa moja. Msichana wa miaka 9 anaweza kuwa darasa la tatu au la nne, lakini yupo aliyechelewa kuandikishwa ambaye bado yuko la pili, na yupo wa miaka 12 aliyehamia kutoka wilaya nyingine bila kadi yoyote. Utafiti uliofanyika katika shule za msingi mkoani Mwanza mwaka 2010 na 2011 ulilinganisha njia mbili, yaani kuchanja darasa zima na kuchanja kwa kufuata mwaka wa kuzaliwa, na njia ya darasa ilifikia wasichana wengi zaidi, kwa kuwa ni rahisi kwa mwalimu kuita darasa kuliko kuchambua tarehe za kuzaliwa. Mpango wa sasa unahesabu kwa umri. Uchambuzi huo basi haukwepeki, na ndiyo sababu ufanywe mapema, kwa utulivu, si asubuhi ya siku yenyewe huku watoto wamepanga mstari uwanjani.

Chukua rejista za madarasa yote kuanzia la pili hadi la mwisho, toa majina ya wasichana wote walio kati ya miaka 9 na 14, kisha andika kwa kila mmoja majina yake matatu, mwaka wa kuzaliwa, darasa, kitongoji au mtaa anakoishi, jina na simu ya mzazi au mlezi, na kama amewahi kuchanjwa. Tarehe za kuzaliwa zilizomo katika rejista zisiaminiwe bila kuulizwa. Nyingi ziliandikwa kwa kukisia siku ya kuandikishwa. Kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa ndivyo vya kutegemea, na vikikosekana, mama atakumbuka mtoto alizaliwa kabla au baada ya uchaguzi fulani. Kuna pia suala la majina. Shuleni mtoto huenda anatumia jina la babu, kadi ya kliniki ina jina la baba, na nyumbani anaitwa kwa jina la tatu kabisa. Andika yote mawili ya kiofisi katika mstari mmoja, la sivyo mwaka ujao ataonekana kuwa watoto wawili, mmoja aliyechanjwa na mmoja aliyekosa.

Wasichana wasio shuleni wanahitaji orodha ya pili, na hii haiwezi kuandikwa na mwalimu peke yake. Mwenyekiti wa kitongoji, balozi wa nyumba kumi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wakae pamoja kwa saa chache na kupita nyumba kwa nyumba kichwani: nani ana msichana wa kazi za ndani, nani amemficha mtoto mwenye ulemavu, familia zipi ziko kwenye dago la wavuvi msimu huu, maboma yapi ya wafugaji yamehamia karibu na mto, mabinti gani wanasoma madrasa tu. Msichana wa kazi ndiye anayesahaulika kuliko wote, kwa sababu katika nyumba anayofanyia kazi hahesabiwi kuwa mtoto, na kijijini kwao wanajua yuko mjini. Shule binafsi na za bweni nazo zina kasoro yake: mtoto huhesabiwa nyumbani na shuleni, au asihesabiwe kokote.

Tarehe ipangwe pamoja na mratibu wa chanjo wa wilaya na mwalimu mkuu kwa kuangalia kalenda ya shule. Septemba ina mtihani wa darasa la saba, Oktoba ina upimaji wa darasa la nne, na Juni na Desemba watoto wako likizo. Vijijini ongeza siku ya gulio na msimu wa kupanda au kuvuna, kwa maana siku hizo madawati huwa matupu.

Kuzungumza na wazazi

Taarifa iwafikie wazazi angalau wiki mbili kabla. Barua iliyotiwa kwenye mkoba wa mtoto mara nyingi huishia humo humo, kwa hiyo iongezewe tangazo msikitini na kanisani, ujumbe katika kundi la wazazi la WhatsApp, na kikao kimoja cha ana kwa ana. Katika kikao hicho asimame muuguzi yule yule aliyewachanja watoto hao surua na pepopunda walipokuwa wachanga. Mgeni mwenye suti kutoka makao makuu huamsha shaka kabla hajafungua mdomo. Akina baba waalikwe kwa kutajwa, maana mama aliyeshawishika kikaoni anaweza kukuta uamuzi umekwisha kutolewa nyumbani na mtu ambaye hakusikia chochote.

Muuguzi asianze na takwimu. Aanze kwa kuuliza wamesikia nini. Mara nyingi wa kwanza kuinua mkono huwa bibi anayelea wajukuu, naye husema wazi kile ambacho wengine wanakinong'ona: "Mwanangu, sisi tunasikia sindano hii inawafunga watoto kizazi. Wewe wa kwako umemchoma?" Swali hili lisijibiwe kwa ukali wala kwa kicheko. Jibu linaweza kuwa: "Shikamoo bibi, na ahsante kwa kuuliza mbele ya wote. Wa kwangu amechanjwa, na nitakueleza kilichomo ndani ya kichupa." Asiyekuwa na mtoto wa kike wa umri huo aseme wazi kwamba hana, kwa maana uongo mdogo kijijini hujulikana kabla ya jioni.

Kilichomo ni protini ya ganda la nje la kirusi, kama ganda la yai lisilo na kiini. Hakuna kirusi hai wala vinasaba vyake, hivyo chanjo haiwezi kumwambukiza mtu wala kumpa saratani. Imekuwa ikitumika tangu mwaka 2006, dozi mamia ya milioni zimetolewa, na ufuatiliaji wa miaka yote hiyo haukuonyesha kwamba inaharibu uwezo wa kuzaa. Hapo muuguzi aongeze jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kulifikiria: kinachofunga kizazi kwa hakika ni saratani yenyewe, kwa kuwa matibabu yake mara nyingi ni kuondolewa mji wa mimba au kupigwa mionzi. Niliona ni vyema kuliweka hili mbele ya hoja nyingine zote, kwa kuwa linachukua hofu ile ile ya mzazi na kuielekeza mahali inapostahili.

Swali linalofuata huwa ni kwa nini mtoto wa miaka 9 apewe kinga ya ugonjwa unaohusiana na kujamiiana. Usijitetee kwa maneno mengi. Mtoto huchanjwa surua kabla surua haijafika mtaani, na mwili wa msichana mdogo hutengeneza kingamwili nyingi kuliko wa mtu mzima. Si lazima mtoto mwenyewe ahubiriwe habari za ndoa siku hiyo. Inatosha aambiwe kuwa ni chanjo ya kumkinga na saratani atakapokuwa mtu mzima, na mzazi ndiye atakayejua lini aongeze mengine.

Kwa nini wavulana hawapewi? Hili ni swali la haki, na ukweli wake hauna aibu. Virusi hivi huwapata wanaume pia, na nchi kama Australia na Uingereza zinawachanja wavulana. Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana wapewe kipaumbele kwa sababu ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa saratani inayotokana na virusi hivi, na kwa kuwachanja wasichana wengi, maambukizi hupungua hata kwa wavulana. Mzazi akielezwa hivi huelewa. Akijibiwa kwamba "wavulana hawahusiki," atakuwa na sababu ya kudhani anafichwa jambo.

Dozi moja nayo imezua maswali, hasa kwa familia ambayo binti mkubwa alipewa mbili. Waelezwe kuwa sehemu ya ushahidi uliobadilisha utaratibu ulitoka hapa hapa kwetu. Utafiti mwingine wa Mwanza uliohusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulipima kingamwili baada ya dozi moja, mbili na tatu. Nchini Kenya, wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walifuatiliwa, na dozi moja ilionyesha uwezo wa kuzuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na ya 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaridhia ratiba ya dozi moja kwa walio na miaka 9 hadi 20. Binti aliyepewa mbili hakudhurika, na mdogo wake hajapunjwa.

Kwa anayesema kwamba Waafrika wanafanyiwa majaribio, taja nchi. Rwanda ilianza nchi nzima mwaka 2011. Nchini Sweden, wasichana waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walipata saratani ya mlango wa kizazi kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 88 wakilinganishwa na wasiochanjwa. Na kwa swali la kwa nini ni bure, jibu ni kwamba serikali hugharimia kwa kushirikiana na Gavi, shirika la kimataifa linalosaidia nchi kupata chanjo, kama ilivyo kwa chanjo nyingine za watoto.

Chanjo ni hiari. Mzazi akikataa baada ya kusikilizwa, jina lake lisisomwe hadharani na mtoto asiulizwe mbele ya wenzake. Utaratibu wa ridhaa ufuatwe kama halmashauri ilivyoelekeza, na uelezwe mapema.

Kuna kundi moja linalohitaji uangalifu wa pekee. Kwa msichana anayeishi na VVU dozi moja haitoshi: ushauri ni angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Tatizo ni kwamba shule haipaswi kujua hali yake, na mstari wa chanjo si mahali pa kuuliza. Njia nzuri ni kliniki ya tiba na matunzo kupanga dozi zake huko huko anakochukua dawa, na katika kikao cha wazazi itangazwe kwa wote kwamba mtoto mwenye ugonjwa wowote wa muda mrefu apitie zahanati kabla ya siku ya chanjo kwa ushauri wa faragha.

Siku yenyewe

Chanjo ya HPV huharibika ikiganda, na kosa hili hutokea zaidi kuliko kuharibiwa na joto, kwa sababu muuguzi anayekwenda mbali hupenda kujaza barafu nyingi. Ihifadhiwe kati ya nyuzi joto 2 na 8. Pakiti za barafu zikitoka kwenye friza ziachwe juu ya meza hadi zianze kutoka jasho, na ukitikisa moja karibu na sikio usikie maji yakicheza ndani. Hapo ndipo ziingizwe katika kibebeo. Alama ya joto kwenye kichupa iangaliwe kabla ya kuondoka na tena kabla ya kuchoma: mraba wa ndani ukifanana rangi na duara au ukiwa mweusi zaidi, kichupa hicho kisitumike.

Chumba kiwe na milango miwili, au pazia, ili anayesubiri asione sindano ya aliye mbele yake. Wasichana wa umri huu huzimia, tena kwa kuambukizana hofu: mmoja akianguka mbele ya mstari, wengine watatu watamfuata, na ifikapo saa sita mtaa mzima utasema chanjo imeua. Mwaka 2014 katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Kolombia, mamia ya wasichana waliripoti kuzimia na kufa ganzi. Uchunguzi haukukuta kwamba chanjo ndiyo chanzo, lakini uchanjaji nchini humo uliporomoka. Kwa hiyo wasichana wapate uji kwanza, waingie wawili wawili, wachomwe wakiwa wameketi, kisha wakae dakika 15 kwenye mkeka kivulini chini ya uangalizi wa mwalimu wa kike. Anayehisi kizunguzungu alazwe chali na miguu inyanyuliwe kidogo. Vifaa vya dharura vya kukabili mzio viwe mezani.

Sindano huchomwa kwenye msuli wa juu wa mkono, karibu na bega. Jambo hili linaonekana dogo hadi asubuhi ile wanapofika wasichana thelathini waliovaa hijabu na shati la mikono mirefu lenye kifungo kinachobana kiwiko. Barua kwa wazazi itaje kwamba mtoto avae ndani fulana ya mikono mifupi, na muuguzi wa kike awepo nyuma ya pazia. Pasipokuwa na maandalizi hayo, msichana atachomwa juu ya kitambaa kilichokunjwa vibaya, au ataondoka kwa aibu bila kuchanjwa.

Mwenye homa kali asubiri apone. Mwenye mafua ya kawaida anachanjwa. Aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hii au kiambato chake asichanjwe, na mjamzito ataahirishiwa hadi ajifungue. Maumivu ya mkono, uvimbe kidogo, kuumwa kichwa au homa ndogo ni maudhi ya kawaida ya siku moja au mbili, na mwalimu awaambie wasichana hivyo kabla hawajaenda nyumbani. Lolote lililozidi hapo lipelekwe zahanati na liandikwe katika fomu ya taarifa ya madhara, hata kama linaonekana halihusiani.

Baada ya gari kuondoka

Kila aliyechanjwa apewe kadi siku ile ile, na alama iwekwe kwenye orodha mbele yake. Jioni, kabla ya kutuma takwimu wilayani, toa hesabu ya waliokosa kwa sababu: hakuwepo, alikuwa mgonjwa, mzazi alikataa, amehama. Asilimia inayovuka 100 isishangiliwe. Maana yake ni kwamba makadirio ya walengwa yalikuwa madogo, au wasichana wa shule jirani wameingia, na nyuma ya idadi hiyo bado wanaweza kuwapo waliokosa. Waliokuwa wagonjwa au hawakuwepo waelekezwe zahanati ndani ya wiki mbili, siku ya kliniki iliyotajwa kwa jina, kwa sababu "njoo wakati wowote" huishia kuwa kamwe.

Akina mama waliokuja kikaoni wenye miaka 30 na kuendelea, na wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, waelezwe kuwa chanjo ya binti haiwahusu wao, ila uchunguzi wa mlango wa kizazi unawahusu, na waambiwe kituo gani cha karibu kinaufanya na siku gani. Hata msichana aliyechanjwa leo atahitaji uchunguzi huo atakapokuwa mtu mzima, kwa kuwa chanjo haifuniki aina zote za virusi.

Kwa waliokataliwa, subira inafaa kuliko shinikizo. Binti ambaye mzazi wake alisema hapana akiwa na miaka 9 anaweza kupewa akiwa na 10 au 13, ilimradi hajavuka 14. Jina lake libaki katika orodha, na kila mwaka mzazi aulizwe tena kwa upole na mtu anayemwamini, ikiwezekana jirani ambaye binti yake alichanjwa mwaka uliopita na anaonekana kila siku akienda kisimani.